Choo Alichojenga Mkwe Wangu

Katika soko letu mwanamke hanywi maji mpaka jioni. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Ukifika asubuhi utatuona tumekaa na bidhaa zetu, jua linapanda, muuza chai anapita na birika lake, wanaume wanakunywa na kuongezewa, na sisi tunatikisa vichwa. Mgeni anaweza kudhani tumefunga. Ukweli ni kwamba hatuna mahali pa kwenda kujisaidia.

Mimi nina cherehani. Kibanda changu kiko mwisho wa safu, na jirani yangu anauza omena, dagaa wadogo wanaoletwa kutoka ziwani, wengine kutoka kisiwa cha Remba kabisa. Yeye ananiita nyieka, yaani mke mwenza, ingawa kila mmoja wetu alikuwa na mume wake na wote wawili tumeshawazika. Ndivyo wanavyoitana wanawake walioolewa katika ukoo mmoja. Magoti yake ni mabovu. Zaidi ya hayo, kila baada ya miezi michache anaugua njia ya mkojo, homa inampanda, analala nyumbani na omena zake zinaharibika. Daktari wa kituo cha afya amemkanya mara nyingi: mama, kunywa maji, kunywa mchana kutwa. Anaitikia vizuri, anarudi sokoni, na chupa yake ya maji inashinda imejaa.

"Nikikunywa nitaenda wapi?" ananiuliza, kana kwamba mimi ndiye serikali.

Soko lenyewe liko kando ya barabara inayotoka Rodi Kopany kwenda Rongo, karibu na mpaka wa kaunti za Homa Bay na Migori. Kwa muda mrefu kila upande ulitusukuma kwa mwenzake tulipoomba kitu, ingawa siku za kukusanya ushuru hakuna aliyewahi kupotea njia. Choo cha zamani kilititia wakati wa mvua na hakikujengwa tena. Wanaume waligeukia ukuta wa nyuma wa kinu cha kusaga unga, maana wanaume hawana shida. Sisi tukawa tunakwenda kwenye shamba la mahindi lililo nyuma ya kinu hicho hicho, wawili wawili, mmoja akimchungia mwenzake. Mahindi yakiwa marefu tunashukuru. Yakivunwa, tunaacha kunywa maji.

Basi msimamizi wa wadi alipokuja kututangazia kwamba tutajengewa choo cha kisasa, chenye vyumba vya wanawake na mlango unaofungwa kwa ndani, jirani yangu alipiga kigelegele mpaka akakohoa. Msimamizi ni mtu wa maneno matamu na viatu safi. Alisema mradi ni wetu na kwamba lazima tuchague kamati ya kuusimamia, ambayo bila sahihi ya mwenyekiti wake, au makamu, kazi haiwezi kupokelewa. Kisha, kabla hatujaanza kuangaliana, akalitaja jina langu.

"Huyu mama hapa ako na mdomo," alisema. "Na haogopi mtu. Sisi tunataka uwazi na uwajibikaji. Hii choo ni yenu, watu wangu. Mtu akiiba simenti, huyu mama atapiga nduru."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Sitasema uongo, nilifurahi. Nimekaa sokoni miaka mingi nikiitwa mwenye mdomo kama tusi, na sasa mdomo huo ulikuwa unapewa cheo mbele ya watu. Makamu wangu akachaguliwa binamu yake msimamizi, mtu mpole ambaye hana kibanda wala bidhaa pale sokoni, lakini siku hiyo hatukuliona hilo kuwa jambo la kuuliza. Nilichouliza ni nani atakayejenga. Msimamizi akajibu kwamba mambo ya kontrakta bado yako kwenye mchakato. Neno mchakato likisemwa na ofisa, ujue umeshafungiwa mlango.

Siku ya kumwonyesha kontrakta kiwanja tulipanga viti chini ya kibanda cha mnada wa mbuzi. Nilivaa rinda nililojishonea wiki ile, la kitenge, na kola. Pikapu nyeupe ikaja, ikasimama, na na kutoka ndani yake akashuka mkwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza, amevaa kofia ya plastiki ya njano.

Kwa asiyejua desturi zetu sisi Wajaluo, hapa inabidi nieleze. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawachezeani. Hawashikani mikono. Hawakai karibu, hawali mbele ya mwenzake, na mama hawezi kulala nyumba moja na mume wa binti yake. Wakikutana njiani, kila mmoja anatafuta upande wake. Ukiwa na neno la kumwambia, unalipitisha kwa mtu. Na katika mambo yote yasiyotajika kati ya watu hawa wawili, la kwanza kabisa ni choo. Mimi nikienda kumtembelea binti yangu huko Migori mjini, hata haja ndogo naipeleka kwa jirani yao.

Mkwe wangu aliponiona alisimama pale pale, akainamisha kichwa, akarudi hatua kadhaa nyuma. Mimi nikajifunika leso na kusogeza kiti changu nyuma ya nguzo. Hatukupanga. Miili yetu ilifanya yenyewe kile tulichofundishwa. Na wakati sisi wawili tunakimbiana hivyo mbele ya soko zima, nilimwona msimamizi wa wadi anatabasamu.

"Si mnaona?" aliwaambia watu. "Hata ni familia. Kazi itaenda vizuri."

Hapo ndipo nilipoelewa, na damu ilinichemka. Msimamizi huyu hakuwa mgeni wa habari hiyo. Siku mkwe wangu alipoleta ng'ombe wa mahari nyumbani kwangu, yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wao. Alikaa kwenye kochi langu, akala kuku wangu, akaomba aongezewe mchuzi, akasimama akatoa hotuba juu ya heshima kati ya wakwe. Wao ni marafiki tangu shule. Mkwe wangu maisha yake yote ameuza vipuri vya pikipiki, sijawahi kumsikia amejenga hata banda la kuku, na leo alikuwa kontrakta. Katika soko lenye wanawake wengi wenye midomo, alichaguliwa yule mmoja ambaye mdomo wake ulikuwa umefungwa na desturi. Tena alisifiwa kwanza.

Nilitaka kujiuzulu siku hiyo hiyo. Jirani yangu ndiye aliyenizuia.

"Ukitoka, anaingia huyo binamu," alisema huku akizipepeta omena zake. "Halafu mimi nitaendelea kukaa hivi na hii chupa?"

Nikabaki. Na kazi ya kusimamia ikawa mchezo ambao nashindwa kuusimulia bila hasira. Mkwe wangu hakuwa mtu wa kukaa kwenye kazi. Wiki nzima ingepita mafundi wakijiongoza wenyewe. Lakini siku ambayo kamati ilitakiwa kukagua, alikuwepo tangu asubuhi, ameketi juu ya mbao kando ya shimo, kimya, macho chini, mwenye adabu kamili. Mimi nikija na leso yangu naishia kwenye kibanda cha mnada, sipigi hatua nyingine. Wanakamati wenzangu wanakwenda, wanachungulia, wanarudi na kusema, kila kitu kiko sawa mama. Binamu wa msimamizi ndiye aliyekuwa akichungulia kwa bidii kuliko wote.

Nilibadilisha siku bila kutangaza. Nilipofika, pikapu nyeupe ilikuwa imeshafika. Nilijaribu kupita jioni baada ya mafundi kuondoka, nikakuta shimo limefunikwa mabati na mlinzi akaniambia kwa upole kwamba hairuhusiwi, ni mambo ya usalama. Mwenyekiti wa mradi anakatazwa kuuona mradi, kwa usalama wake.

Aliyeona ni jirani yangu, kwa sababu meza yake ya omena inatazama upande ule. Siku moja aliniita kwa mkono.

"Nyieka, wale vijana wanachimba," alisema. "Unajua wanatokaje huko chini?"

"Wanatokaje?"

"Anashika ukingo, anaruka, ametoka. Ngazi sijaona tangu waanze."

Nilielewa bila kufafanuliwa. Shimo la choo cha soko, ambalo mamia ya watu watalitumia, mtu mzima hapaswi kuweza kutoka ndani yake kwa kuruka. Huku kwetu mwamba uko karibu, kila mtu anajua, ndiyo maana kazi ya kuchimba ilitengewa fedha za kuvunja mawe. Walifika kwenye mwamba wakaacha. Kesho yake walianza kumwaga zege la juu.

Nilipitisha ujumbe kama desturi inavyotaka, kwa binti yangu. Nilimwambia kwa simu amwulize mume wake, kwa heshima, shimo lile lina kina gani. Binti alikuja mwenyewe siku ya soko, na mtoto mgongoni, akakaa kwenye kigoda cha wateja wangu, akaanza kukunjakunja kipande cha kitambaa.

"Mama, unataka nirudi hapa na watoto?"

"Nimeuliza juu ya shimo."

"Umeuliza mambo ya choo kwa bwana yangu. Na ukanituma mimi. Mama yake akisikia utaniambia nikae wapi?" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Hiyo kazi yenyewe hata si yake yote. Anaambiwa tu fanya hivi, fanya hivi. Wewe wachana nayo, mama. Choo ni choo."

Nilimwangalia yule mtoto mgongoni, mjukuu wangu, analala mdomo wazi. Nilimpa binti yangu soda. Nilikasirika naye, kisha nikajikasirikia kwa kumkasirikia, maana mtu aliyestahili hasira yangu alikuwa ameketi ofisini kwenye kivuli.

Nikaenda huko. Nilimwambia msimamizi wazi kwamba shimo ni fupi, na kwamba kumpa mkwe wangu kazi na kuniweka mimi kumsimamia ni mgongano wa maslahi. Neno hilo nilikuwa nimelisikia redioni na nililibeba njia nzima nisilisahau. Alinisikiliza vizuri. Akaniagizia chai, ambayo sikuigusa.

"Mama, lakini huyo ni mkwe wa nani?" aliuliza. "Ni wangu? Huyo ni mkwe wako. Sasa kama kuna mgongano, si mgongano ni yako? Mimi nimekulinda tu. Watu wakianza kuuliza, watasema mama alikuwa chairlady, akapatia kijana yake kazi. Utawajibu nini?"

Alikuwa ameichukua hila yake, akaigeuza, akanivika mimi. Nilitoka, na barabarani niliongea peke yangu mpaka mwenye bodaboda akaniuliza kama niko sawa.

Siku ya kukipokea choo walileta hema, viti vya plastiki, kipaza sauti na mpiga picha. Choo kilikuwa kizuri, siwezi kukataa. Kilipakwa rangi ya samawati, mabati mapya yaking'aa, milango ya chuma. Utepe mwekundu ulikuwa umefungwa mlangoni. Mkwe wangu aliketi mstari wa mbele wa watu, amevaa suti. Makamu wangu aliketi karibu na meza, kalamu mkononi. Jirani yangu alikuwa amefunga meza yake mapema, amevaa kitambaa cheupe kichwani, na nilimwona anakitazama choo kile kwa jicho la mtu anayemtazama mgeni aliyesubiriwa sana.

Baada ya hotuba za uwazi na uwajibikaji, nikaitwa. Msimamizi alinipa kipaza sauti na kuninong'oneza, "Asante tu, mama, halafu tukate utepe."

Nilisimama mbele ya watu. Mkwe wangu akainamisha kichwa mara moja. Sikuweza kumtazama. Sikuweza kutaja choo nikimtazama. Soko zima lilijua kwamba siwezi, na msimamizi alikuwa ametulia kabisa kwenye kiti chake kwa sababu hiyo. Sijui wazo lilitoka wapi. Niliwageuzia watu mgongo, wote, nikakitazama choo, na kwa kuwa sikuweza kusema na aliyekijenga, nikasema na choo chenyewe.

"Wewe choo," nilisema kwenye kipaza sauti, "umependeza. Lakini nakuuliza, una kina gani? Waliokuchimba walikuwa wakitoka ndani yako bila ngazi. Fedha za kuvunja mwamba zilikwenda wapi? Nani aliyekupa fundi ambaye mimi siwezi kumuuliza, akanipa mimi nimsimamie? Mvua za masika zikija utazibeba, au utatutapikia sisi na omena zetu? Nijibu, kwa maana wengine hapa hawataki."

Nilisikia kipaza sauti kikinguruma. Nikangoja mtu nyuma yangu aseme, ndiyo, ajibu. Soko zima lilikuwa limeona mafundi wale wakiruka. Nilingoja.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mzee wa ukoo wetu.

"Choo? Mbele ya mkwe?"

Basi. Kama maji yaliyofunguliwa, wote wakaanza. Mkwe wangu aliinuka taratibu, akatoka nje ya hema, kichwa chini, na watu wakampisha kwa huruma kama mfiwa. Wanawake walishika vinywa. Wazee walitikisa vichwa. Nilisikia mtu akisema hii ndiyo shida ya kuwapa wajane vyeo. Msimamizi akachukua kipaza sauti mkononi mwangu kwa upole kabisa, akasema jua ni kali na mama amechoka, tumwombee. Makamu akatia sahihi. Utepe ukakatwa.

Kwa wiki nyingi soko lilizungumzia mdomo wangu. Shimo halikuzungumziwa na mtu yeyote. Wazee wa ukoo walinijia nyumbani, wakaketi, wakaniambia kwamba nimevunja kitu kati ya nyumba mbili na kwamba lazima kuku apelekwe kwa mkwe kuomba radhi, tena asipelekwe na mimi. Nilimtoa jogoo wangu mwekundu, akapelekwa na shemeji yangu. Sijawahi kutoa kitu kwa uchungu kama ule. Binti yangu alikaa miezi bila kuleta watoto. Hata jirani yangu, ambaye macho yake ndiyo yaliyoona, aliniambia huku akifunga magunia, "Nyieka, ulisema kweli. Lakini ulisema vibaya." Nilimuuliza ni vipi ningesema vizuri. Alifikiri sana, kisha akasema hajui.

Alikitumia choo kile kwa furaha, nakiri. Kwa muda alikuwa anakunywa maji. Alikuwa anainuka na magoti yake, anakwenda polepole, anarudi akiwa amenyooka, na mimi nilinyamaza kwa sababu sikutaka kumharibia. Mvua za masika zilipokuja, mwamba haukupitisha maji, shimo likajaa, na uchafu ukatoka chini ya mlango ukaelekea kwenye meza za samaki. Ofisi ya afya ikaja ikaweka kufuli kubwa. Kufuli hilo liko hapo mpaka leo. Rangi ya samawati bado haijapauka.

Juzi nilikwenda ofisi ya wadi kwa ajili ya leseni ya kibanda. Ukutani, juu ya kiti cha wageni, wametundika picha kubwa yenye fremu. Mwanamke amesimama na kipaza sauti, ameipa kamera mgongo, rinda la kitenge lenye kola, na mbele yake choo kipya kinang'aa na utepe mwekundu. Chini wameandika: Wananchi wakiupokea mradi wao. Msimamizi alinikuta nimesimama naitazama.

"Umeona tumekuweka, mama?" alisema. "Wageni wote wanaipenda hiyo. Wanasema inaonekana kama unaomba."

Nilirudi sokoni nikamsimulia jirani yangu. Nilimweleza fremu, maandishi, mgongo wangu ukutani, na nilipofika kwenye maombi alianza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea meza, omena zikamwagika, na mimi pia nikacheka kwa hasira, kwani nilikuwa sina kingine cha kufanya. Ghafla akajishika tumbo na kunyamaza. Akageuka kutazama shamba la mahindi nyuma ya kinu.

"Usinichekeshe, nyieka," alisema. "Wameshavuna."